Wigi Lililotua Kwenye Keki

Mtaani walimwita Kimbunga, na si kwa sababu ya hasira. Alikuwa msusi mnene, mchangamfu, mwenye saluni ndogo pembeni mwa duka la simu, na akiingia kucheza, watu walihamisha meza. Jumapili moja, kwenye harusi ya mpwa wake, alizunguka mpaka wigi lake jekundu likamchomoka kichwani, likaruka na kutua puu! katikati ya keki. Wifi yake alikuwa akirekodi kwa simu huku machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Wifi yangu, ifute hiyo video, nakuomba!"

"Thubutu! Hii nitazikwa nayo."

Kesho yake polisi wakavamia saluni. Duka la simu lilikuwa limevunjwa usiku wa Ijumaa, mwenye duka anawaka moto, nao hawana hata mtu wa kumshuku. Sajini alipekua kila droo asiambulie kitu. Mwishowe akalibeba lile wigi, bado halijaoshwa, akamkamata na Kimbunga mwenyewe kwa wizi huo.

Kimbunga alitoka kwa dhamana, akikonda kwa mawazo. Siku ya kesi, sajini aliapa kwamba wigi aliliokota kwenye sakafu ya duka Jumamosi asubuhi, na tangu hapo limekaa ndani ya mfuko uliofungwa kwa lakiri. Kimbunga akamnong'oneza wakili wake, binti mdogo wa umbo lakini mwenye ulimi wa wembe: "Mwanangu, anadanganya! Jumapili nilikuwa nalo harusini."

"Kuna ushahidi, mama?"

Kimbunga akageuka taratibu kumtazama wifi. Wifi akajiziba mdomo kwa kiganja.

Basi wakili akapinga wigi kupokelewa kama kielelezo, akidai limepandikizwa, akaomba video ionyeshwe. Mwendesha mashtaka alibisha, akagonga mwamba. Skrini ikawashwa.

Kimbunga akaijaza yote, nyonga zikisema lao na mabega lao, nyuma yake tarehe ya harusi imeandikwa kwa herufi kubwa ukutani. Wigi liliporuka, karani alipaliwa. Askari wa mlangoni aligeukia ukuta, mgongo ukimtikisika. Hakimu alivua miwani akaifuta, akaifuta tena.

"Hebu rudisha nyuma kidogo," akasema. "Mahakama ione vizuri."

Kisha mfuko ukafunguliwa mbele ya wote. Nywele zilikuwa zimegandamana kwa kitu cheupe.

"Sajini, hiki ni nini?" wakili aliuliza.

"Ni... vumbi la dukani."

"Vumbi lenye ua la waridi la sukari?"

Ukumbi ukapasuka. Hakimu mwenyewe alijaribu kukunja uso, ukamshinda. Kelele zilipotulia, alikikataa kielelezo, akamwachia Kimbunga huru na kuagiza sajini achunguzwe kwa kuchezea ushahidi.

Nje, Kimbunga alimnyanyua wakili juu juu, binti wa watu akipiga mateke hewani.

"Mama, nishushe, nina kesi nyingine!"

"Kacheze kwanza!"

Mchana huohuo saluni ilifunguliwa, ikafurika wateja na wasio wateja. Wifi alisimulia, akasimulia upya, kila mara sajini wa simulizi lake akizidi kutetemeka. Kimbunga alisuka huku mikono ikimruka kwa kicheko, na mteja wa kwanza aliishia na mistari iliyopinda kama njia ya mlevi. Alipojiona kwenye kioo, akacheka mpaka akakaa chini.