Intumba za Mama

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi kule Pito tangu sijaota meno. Serikali ilivunja halmashauri, akaitika. Ikazirudisha, akaitika. Ikafuta vyama vya ushirika, ikavirudisha, yeye hewala tu. Kisha vikaja vyama vingi. Tukaambiwa mkutanoni kuwa balozi sasa ni mtu wa chama tu, mambo ya serikali atayashika mwenyekiti wa mtaa, tutakayemchagua wenyewe. Lini? Mtatangaziwa. Haya.

Masika yalipokuwa yanaishia, ng'ombe wa jirani yetu Msukuma waliingia shambani kwa mama wakakanyaga intumba zake, yale matuta ya mviringo tunamofukia majani yaoze, yawe mbolea ya msimu unaofuata. Mama alikaa chini akalia. Zilitakiwa kuinuliwa upya upesi, udongo ungali na unyevu, na peke yake asingeweza. Zisipoinuliwa, mwakani hatuna ulezi.

Yule Msukuma hakuwa mtu mbaya. Asubuhi alikuja na wanawe, majembe begani.

"Shikamoo, balozi. Tumekosa. Tupeleke shambani."

Ndivyo tulivyozoea: mkosaji haingii shamba la mtu mpaka balozi asimame mpakani aseme neno. Akishasema, wanalima, kesi imekwisha.

"Marahaba," baba akasema. "Ila mimi si serikali tena. Msubirini mwenyekiti."

"Mwenyekiti gani, mzee? Si hayupo!"

"Atachaguliwa."

Jamani! Nilitamani kumtikisa. Mama akamsihi, "Baba watoto, sema neno tu, udongo unakauka."

"Nimechoka," baba akajibu. "Nikisema leo, kesho wataniuliza nimesema kwa cheo gani. Kila siku wanatupangua na kutupanga upya. Nimechoka, mama."

Wale watu walikaa uani mpaka jua likawa kali, kisha wakarudi kwao na majembe yao.

Uchaguzi ulikuja kiangazi, nyasi zote zimeshakauka. Watu wakamchagua nani? Baba huyohuyo. Alitoka mkutanoni moja kwa moja hadi shambani, akasimama mpakani, akaagiza Msukuma aitwe. Maskini, akaja na wanawe. Baba akasema neno lake, akalisema vizuri kweli. Jembe la kwanza likadunda. La pili likadunda vilevile.

Tuliporudi nyumbani mama alikuwa mlangoni.

"Hongera, mwenyekiti," akasema, akaingia ndani.