Selina Hakuharibu Jiko la Kituo

Wapo watu pale Ikungi ambao mpaka leo wakimtaja marehemu wifi yangu Selina, huongeza kwa kicheko kwamba ndiye aliyeharibu jiko la umeme la kituo cha kina mama. Hakuliharibu. Nilikuwepo, na nitaeleza ilivyokuwa, ili wajukuu wa mzee Mughwai, baba yake Selina, wasione haya kwa jambo ambalo wangepaswa kulicheka vichwa vikiwa juu.

Selina alikuwa dada wa mume wangu, Philipo. Alizaliwa Issuna, mfupi, mnene kiasi, na kicheko chake kilifika mlangoni kabla yake. Darasani hakukaa sana, lakini usafi wake ulijulikana hadi ng'ambo ya korongo. Jembe likitoka shamba, lilioshwa. Tulimtania kwamba kuku wake hupanguswa miguu kabla ya kuruhusiwa kulala ndani. Kituo kilipofunguliwa, mwaka uliofuata Azimio la Arusha, walimchukua awe mpishi, na mimi nikafundisha kina mama kusoma. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kuajiriwa kabla yake. Mzee Mughwai alitembea kijiji kizima akiwaeleza watu habari hiyo, hata wale waliokwisha kuisikia kwake asubuhi.

Kisha likaja jiko. Marafiki wa ng'ambo walikiletea kituo jiko la umeme la mezani, jeupe kama sahani mpya, liendeshwe na jenereta yetu iliyokuwa ikinguruma nyuma ya ghala. Katikati ya duara lake la moto palikuwa na kidude kama kifungo cha koti, kimekaa juu ya springi. Ukiweka sufuria, kifungo kinagusa kitako chake na kupima joto. Joto likizidi kiasi ulichochagua kwenye swichi, moto unajizima wenyewe. Likipungua, unawaka tena. Tulipoelezwa hivyo, Selina alipiga makofi. "Yaani jiko linajichochea na kujipunguza? Sasa mimi nitafanya nini, nikae niimbe?"

Hakuimba. Siku ya kwanza uji ulifurika mpaka sakafuni. Siku ya pili maharage yalishika chini. Aliweka swichi kwenye moto mdogo kabisa, lakini jiko likawaka kama tanuru la chokaa. Maziwa nayo, ukigeuka tu kuchukua mwiko, yamekwisha kumwagika.

Cha ajabu ni kwamba lilimtenda hivyo yeye peke yake. Bibi Klara, mkuu wa kituo, alikaanga yai lake kila asubuhi kwenye kikaango chake na halikuungua hata ukingo. Fundi Melkizedeki alikuja kwa baiskeli kutoka Singida mjini, birika lake la chai limefungwa nyuma ya kiti. Alikaza nyaya, akaisikiliza jenereta kama daktari, kisha akachemsha maji kwenye birika lile. Jiko likatulia kama mtoto aliyeshiba. Akaondoka. Selina akapika ugali wa uwele, nusu nzima ikawa ukoko.

Darasani kwangu kina mama hawakumwacha. "Selina, leo tunakula nini, chakula au mkaa?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, huo ndio ukoo wa ukoko!" Wakacheka mpaka wakashika meza. Mimi sikucheka. Mtu akiutania ukoo wa mume wangu mbele yangu, nampa maneno marefu ya kusoma ubaoni, na siku ile niliwapa marefu kuliko yote niliyoyajua.

Bibi Klara naye akafika mwisho wa subira. "Siku ya Saba Saba mgeni kutoka mkoani atakula hapa. Chakula kikiungua tena, Selina, nitaomba mpishi mwingine mjini. Sitaki kituo kiaibike."

Selina aliniambia njiani, akijaribu kucheka, "Wifi, nikirudishwa nyumbani, baba ataanza kutembea kijiji kizima upya, kuwaambia watu wasahau."

Ilipobaki kama wiki moja, Melkizedeki aliitwa tena. Alibadilisha swichi nzima, akajaribu kwa birika lake, jiko likatii. Selina akabandika sufuria ya uji. Ukapanda, ukapanda, ukamwagika juu ya swichi mpya.

"Ndugu zangu," fundi akasema, akijikuna kichwa, "jiko hili lina ubaguzi." Akatoka kwenda kuitazama tena jenereta.

Hapo wifi yangu akaligeuza birika la fundi na kulitazama kitako, akasikitika. "Wifi, maskini, birika la mgeni liko uchi. Hakuna aliyelipaka."

Kwetu, chombo hakiendi motoni bila kupakwa. Unachukua majivu na udongo, unatia maji, unakipaka nje chote, ili masizi yashike kwenye udongo na chombo kitoke king'ara. Bibi harusi alichunguzwa kitako cha sufuria yake kabla hajaulizwa jina la shangazi yake. Kwa hiyo Selina alilipaka lile birika vizuri sana, kwa heshima ya mgeni, akalijaza maji ya chai, akaweka moto mdogo.

Lilianza kutetemeka, kisha likacheza. Kifuniko kikaruka kikaangukia kwenye bakuli la chumvi, na mdomo wa birika ukatema maji ya moto hadi dirishani. Tulipiga kelele. Melkizedeki akaingia mbio.

"Birika langu! Limepata ugonjwa wa Selina!" Akaling'oa kwa kitambaa. "Umelifanya nini, dada?"

"Nimelipaka tu! Nikuache urudi kwa mkeo na birika la masizi, aseme Issuna hatukufundishwa?"

"Masizi ya nini?"

"Ya moto."

"Moto upi? Hapa kuna kuni? Kuna moshi?"

Selina akatazama dari. Nami nikaitazama. Ilikuwa nyeupe vilevile kama siku ilipopakwa rangi. Tukatazamana sisi watatu, na yeye ndiye aliyeanza kucheka, akaketi sakafuni akicheka, kanga mdomoni.

Fundi akabonyeza kile kifungo kwa kidole. "Hiki ni kama mkono wa mama kwenye paji la mtoto. Wewe umemfunika mtoto blanketi la udongo. Mkono unaona hana joto, basi jiko linazidi kuchochea! Na mimi nimefungua nyaya zote hizi! Na sufuria yako nilidhani ni kijivu tangu dukani! Lakini mbona jikoni sikuona udongo hata chembe?"

"Ungeuona wapi? Nafuta kila nikimaliza."

Tulisugua sufuria zote. Chengachenga kidogo zilizojificha kuzunguka springi, Selina alizitoa kwa unyoya wa kuku. Akabandika maziwa kwenye sufuria kavu, tupu nje, na akasimama juu yake na mwiko kama askari. Maziwa yakapanda. Jiko likatoa sauti ndogo, *tak*. Yakashuka. Yakapanda kidogo, *tak*, yakashuka. Selina akatupa mwiko. Bibi Klara alipoingia alimkuta mpishi, fundi na mwalimu wa kisomo wakilichezea jiko ngoma.

"Mmelewa?"

"Shikamoo, mama mkuu," Selina akasema akihema. "Hatujalewa. Tumeosha sufuria."

Alielezwa yote. Hakucheka. Alisema tu, "Tutaona Saba Saba."

Saba Saba ikaja. Wali haukushika, kuku alilainika, na ugali wa uwele ulitoka mzima hadi chini. Mgeni wa mkoani alikula, akaongeza, akauliza mpishi ni nani. Selina akatoka jikoni akikimbia, amebeba sufuria kubwa juu chini, kitako chake kikielekea kwa mgeni. Nilitamani kujificha chini ya meza.

"Mheshimiwa, tazama!" akasema. "Haina hata chembe!"

Yule bwana akainama, akajiona humo ndani, miwani na yote, akaangua kicheko. "Huyu ni binti wa nani?"

"Wa Mughwai wa Issuna!" Selina akajibu, na nadhani Issuna yenyewe walisikia.

Bibi Klara akasimama na kumwekea mkono begani. "Ndiye mpishi wetu," akasema. Na kina mama wa darasa langu, wale wale, wakapiga vigelegele mpaka jenereta isisikike.