Divai Nisiyoionja

Kwa miaka sita nilichagua divai katika nyumba moja ya Nguba, mtaa wa Wazungu kando ya ziwa, na kwa miaka hiyo yote sikumeza hata tone. Watu wakinisikia nikisema hivyo hucheka, wakidhani najitakasa. Sijitakasi. Nilikuwa boyi wa mezani, kama walivyotuita wakati ule hata tulipokuwa na ndevu, na Madame, mwenye nyumba, alikuwa na pua. Kila siku, kabla sijavua koti jeupe, alinisimamisha kwenye mlango wa jiko na kusema, "Pumua." Nikapumua. Aliyenitangulia katika kazi ile alipumua vibaya siku moja tu, na kesho yake koti lake nililivaa mimi. Lilinibana mabegani, lakini sikulalamika.

Tena sheria ya Wabelgiji ilitukataza divai sisi watu weusi. Bia tuliruhusiwa, divai hapana. Baadaye sheria ililegezwa kidogo. Pua ya Madame haikulegezwa.

Basi utaniuliza, mtu anachaguaje kitu asichokionja? Kwa kuangalia glasi zinazorudi jikoni. Mgeni kwa adabu yake anaweza kusifu divai mpaka koo likakauka, halafu glasi yake inarudi imejaa nusu. Mimi ndiye niliyeziosha, kwa hiyo nilijua ukweli wa kila mtu. Katika kiangazi, vumbi linapopanda mpaka kwenye majani ya mibuni, divai nyekundu ya mchana ilirudi karibu yote. Nyeupe iliyolazwa kwenye barafu iliisha. Wanaume waliotoka kucheza tenisi niliwapa bia kwanza, ile nyepesi, ndipo nikawauliza wanataka nini, maana mwenye kiu hajui kuchagua. Nyekundu niliiweka kwa ajili ya nyama, jioni, wakati upepo wa ziwa unapowafanya wanawake waitishe sweta. Siku ya ubatizo nilitoa ile ya mapovu, nikihesabu kwamba bibi wa mtoto ataimwaga kwenye nguo, nayo haiachi doa. Madame alipoona sikosei, aliniachia ufunguo wa stoo.

Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho ni kupu. Ndivyo tulivyoita jikoni kinywaji chake cha sikukuu: chupa mbili za divai nyeupe ndani ya jagi kubwa, machungwa yaliyokatwa vipande, ndimu mbili, pasheni tunazoziita marakuja, maji ya soda, barafu, na kijiko kimoja cha sukari. Kimoja tu, kwa sababu Madame aliogopa kunenepa. Yeye alionja, mimi niliangalia uso wake, akikubali kwa kichwa nikapeleka. Wageni waliipenda kwa macho. Lakini glasi za kupu zilirudi kila mara na kinywaji cha vidole viwili chini. Nilibadilisha machungwa, nikabadilisha ndimu, vidole viwili vikabaki palepale. Jambo hilo liliniudhi zaidi kuliko matusi.

Mwaka ule nilikuwa nataka kuoa. Msichana mwenyewe alikuwa wa Kabare, na nilimpenda kiasi cha kuvunja vyombo. Madame alidhani nina malaria. Kuhusu ng'ombe wa mahari tulikuwa tumekwisha kupatana. Kilichobaki ni baba yake kushuka mjini aione nyumba yangu ya Kadutu, mtaa wetu sisi watu weusi, akae, anywe, na mwisho aseme siku ya arusi. Au aseme hapana. Alikuwa mkulima wa migomba, Mkatoliki asiyekosa misa, na mtu wa maneno machache. Nilimwogopa kuliko Madame na pua yake.

Shangazi yangu, aliyenilea, alileta kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi ya kwetu, akaniambia, "Anza na hii. Muzee atajua iko mu nyumba ya batu." Nilimjibu kwamba kasiksi ataikuta kwake kila siku, na kwamba mimi si mtu wa kupokea mkwe kama watu wa kijijini. Kichwa changu kilikuwa kikubwa wakati ule. Nilitaka aone mkono utakaompokea binti yake. Madame alikuwa amenipa chupa mbili za divai nyeupe kwa ajili ya arusi, nami nikakata shauri kumtengenezea mkwe wangu kupu. Barafu niliichukua Nguba asubuhi, nikaifunga ndani ya gunia na maranda, nikapanda baiskeli. Nilipofika Kadutu ilikuwa imebaki kama ngumi mbili, na suruali imelowa.

Muzee alikuja baada ya misa, yeye na mdogo wake. Waliangalia paa, wakaangalia kitanda, wakaangalia choo, wakakaa. Nilivaa koti langu jeupe, lililofuliwa na kupigwa pasi, kitambaa juu ya mkono. Nilimimina kupu kwa upande wa kulia, bila kudondosha, nikageuza jagi kidogo mwishoni ili tone lisianguke. Kisha nikarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, kama nilivyofundishwa.

Muzee aliiangalia glasi. Nami nikamwangalia Muzee. Hakuigusa. Mdogo wake naye hakugusa, akawa anaangalia glasi ya kaka yake. Nilidhani hapendi divai, nikaenda haraka jikoni, nikafungua bia mbili zilizokuwa zikipoa kwenye ndoo, nikazileta zimefunguliwa tayari kwenye sinia, nikamimina, nikarudi hatua mbili. Muzee aliangalia bia. Halafu aliangalia mlango wa jikoni nilikotokea nazo, na uso wake ukafungwa kabisa. Akachukua kofia yake.

"Papa," nikasema, "iko namna gani?"

"Weye unasimama pale juu ya nini?" akauliza.

"Ni heshima, papa."

"Heshima?" Akamgeukia mdogo wake. "Analeta pombe, anafungulia bia kwenye hatuone, halafu anaenda kusimama mbali, anatuangalia. Hata padiri, divai ya kwake anaikunywaka yeye wa kwanza, batu bote banaona. Mutoto yangu hataolewa mu nyumba kwenye banaogopa pombe ya kwabo."

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu nilichokijua tangu nikiwa mtoto mgongoni mwa shangazi: kwetu anayetoa kinywaji hukionja kwanza, mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hamna sumu. Hakuna asiyejua jambo hilo. Mimi nilikuwa nimelisahau, kwa sababu kwa miaka sita nilisimama hatua mbili nyuma nikijifunza kutoonja. Nguba walinichunguza kinywa wajue kama nimekunywa. Hapa nyumbani kwangu walikuwa wanakichunguza wajue kama nitakunywa. Niliona haya, na niliona msichana wangu anaondoka pamoja na ile kofia.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Onja, mujinga weye!" akasema, na sauti yake ilikuwa ya kulia.

Nilichukua glasi ya Muzee mwenyewe nikanywa. Sikuonja kidogo, nilikunywa kama mtu anayekunywa dawa, maana nilitaka aone koo langu linavyomeza. Na jamani, ilikuwa chachu! Meno yalinisisimka, jicho moja likafunga lenyewe, machozi yakatoka. Hiyo ndiyo kupu niliyoipeleka kwa majaji na madaktari kwa miaka sita, nikiwa nimenyoosha mgongo.

Muzee aliniangalia kwa makini. Nadhani alikuwa anangoja nianguke.

"Iko mubaya?" akauliza.

"Iko chachu, papa."

"Na unaitoleaka batu?"

"Sikujua. Ni leo ya kwanza ninaionja."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza kabisa. Kule kwa Madame wanakataza."

Akashusha kofia kwenye goti. Nikamweleza yote, jinsi Madame anavyoninusa, na glasi, na vidole viwili vinavyorudi. Mdogo wake akaanza kucheka, lakini Muzee hakucheka. Aliuliza swali moja.

"Na bale bazungu, banakunywaka tu vile unabaletea? Bila weye kuonja?"

"Ndiyo, papa."

"Habaogope?"

Kwa miaka sita sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Muzee alitikisa kichwa polepole, akanyoosha mkono, akachukua glasi kutoka mkononi mwangu na kumaliza kilichobaki. Uso wake ulikunjamana kama wangu. "Kweli, inakosa sukari," akasema. "Leta ile ya shangazi yako."

Shangazi alikileta kibuyu mwenyewe. Nikaonja kasiksi mbele yao, nikaonja bia pia, na nikawafungulia nyingine mbele ya macho yao ingawa hakuna aliyeniomba. Tuliweka sukari vijiko vinne kwenye kupu, na jagi likaisha. Kabla jua halijashuka Muzee alitaja siku ya arusi, akairudia mara mbili ili shangazi aishike vizuri. Nilitaka kumbusu. Nilimshika mkono kwa mikono miwili.

Jumatatu nilifika Nguba kichwa kikiuma. Madame alikuwa kwenye mlango wa jiko, na hakuhitaji hata kuniambia nipumue.

"Umekunywa," alisema.

"Ndiyo, Madame. Walikataa kunipa mke mpaka ninywe."

Nililiangalia koti langu, nikamfikiria mtu atakayelivaa baada yangu. Mwishoni Madame akasema kwamba Jumapili kutakuwa na wageni wanane, na nitengeneze kupu.

Nikamwambia kwamba kupu yetu inataka sukari vijiko vinne. Akaniuliza nimejuaje. Nikapumua tu.