Tulipoikata Barabara

Nilikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji kimoja upande wa Nzega, jirani na mpaka wa wilaya ya Tabora. Sikuzaliwa huko. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Tabora mjini, na ndugu za mume wangu mpaka leo wanacheka ninavyoshika jembe. Wakati wa Ujamaa tulihamishwa kutoka kwenye mwinuko wetu wa mchanga, tukagawiwa viwanja mbugani, kwenye udongo mweusi, kwa sababu barabara ilipita hapo. Baba mkwe wangu alimwambia ofisa aliyekuwa akipima viwanja, "Hapa maji hupita." Ofisa akamjibu kwamba nyumba zitafuata barabara.

Mvua zilipokolea, maji yalikuja mchana, taratibu, bila kelele. Yalifika kwenye tuta la barabara, yakakosa pa kutokea, yakaanza kurudi nyuma hadi milangoni mwetu. Kuta za matofali mabichi zililainika zikalala. Mtama ulichachukia ghalani. Mjane mmoja katika nyumba zangu kumi alibaki na sufuria na watoto tu, akahamia jikoni kwangu mpaka mavuno.

Kijiji kizima kiliwalaumu watu wa ng'ambo ya korongo la mpakani, ambao walikuwa wa wilaya ya Tabora. Walikuwa wamejenga majaruba ya mpunga, na matuta yake yalisukuma maji kwetu. Vijana wakaanza kusema watakwenda kuyabomoa. Kwenye mkutano nikasimama nikasema nitakwenda kwanza kuzungumza nao.

"Wale si wa wilaya yetu," mwenyekiti wetu akasema. "Mambo yao yana ofisi yake."

"Maji yao yameingia kwangu bila kupita ofisini," nikamjibu, nikakaa.

Nilikwenda na yule mjane. Mwenyekiti wa ng'ambo alikuwa mfugaji, mtu mzima wa maneno machache. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuletea vigoda.

"Mmekuja kulalamika kuhusu majaruba," akasema. "Na sisi tulikuwa tunajiandaa kuja kulalamika kuhusu barabara yenu."

Akatupeleka nyuma ya boma lake. Alama ya maji ilikuwa bado kwenye miti ya zizi, juu ya goti langu. Ndama wake walikufa humo, kwa sababu maji yaliyozuiwa na tuta letu yalikuwa yamewarudia na wao pia. Mjane alizitazama zile alama, kisha akamwambia, "Baba, basi tumelowa pamoja." Yule mzee akacheka, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Tulikubaliana kwamba wao watafungua matuta ya pembeni na kuchimba mtaro hadi kwetu, na sisi tutayapatia maji njia chini ya barabara.

Wenyeviti wote wawili walipeleka shauri wilayani kwao. Wilaya yetu ikajibu kwamba barabara isiguswe. Wilaya yao ikajibu kwamba mtaro ukivuka mpaka ni kazi ya mkoa. Mkoani tukaambiwa tusubiri mpango. Tulisubiri kiangazi chote. Mawingu yalipoanza kukusanyika tena, mwenyekiti wetu bado alikuwa anatuambia tusubiri.

Asubuhi moja nilichukua jembe na karai nikaenda barabarani. Mjane alinifuata, kisha wanawake wa nyumba zangu, kisha waume waliokuja kutukataza wakaishia kushika sururu. Kutoka ng'ambo walikuja wale majirani, wakichimba kuelekea kwetu. Tuliikata barabara, tukalaza magogo mazito juu ya mtaro, tukayafunga na kuyashindilia kokoto ili magari yapite.

Ofisa wa wilaya yetu alifika kwa Landrova kabla hatujamaliza. Alishuka, akaliangalia lile daraja letu.

"Nani amewaruhusu kukata barabara ya serikali?"

Nikasema, "Mimi ndiye niliyeanza."

"Unajua naweza kukuweka ndani?"

"Niweke. Lakini mvua ikija, hawa watakuwa nje na watoto wao, na wewe ndiye utakayekuja kuwahesabu."

Hapo lori la pamba likatokea nyuma yake. Dereva alishuka, akayakanyaga magogo, akarudi garini akavuka polepole na mzigo wake wote. Ofisa akapanda Landrova, akageuza, akarudi alikotoka.

Mvua zilikuja kwa nguvu. Maji yalijaa mtaroni, yakapita chini ya magogo, yakaenda zake mbugani. Siwezi kusema hatukupata hasara. Nyumba mbili za pembeni ziliingiliwa, na majaruba kadhaa ng'ambo yalichimbika. Lakini watu walilala kwenye vitanda vyao, na ndama wa yule mzee walibaki hai.

Mimi nilivuliwa ubalozi kwa utovu wa nidhamu. Niliambiwa niombe radhi mbele ya mkutano ili nirudishiwe. Sikuomba. Mjane akachaguliwa mahali pangu, na kila jambo akawa anakuja kuniuliza.

Baadaye wilaya hizo mbili zilileta makalvati ya saruji ya kupitishia maji chini ya barabara, kwa gari moja, zikaunda kamati ya pamoja ya kusimamia mitaro ya vijiji vyote vya korongo lile. Siku ya kikao cha kwanza nilivaa kanga zangu mpya nikaenda. Karani akaniambia sina wadhifa wowote. Yule mzee wa ng'ambo akasogea kwenye benchi, akanionyesha nafasi kando yake. Nikakaa. Ofisa wetu alikohoa, akafungua kikao, na lilipofika suala la nani atazibua mitaro kila mwaka, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.