Sharti la Saba la Watoto wa Molasi

Shemeji yangu Eudora Surette hajawahi kufanya jambo haraka, isipokuwa kuolewa na kaka yangu. Hata pai yake ya viazi vya kukuna huingia oveni asubuhi tukaila jioni, na ole wake atakayefungua kuchungulia. Kwa hiyo alipoanza kujiuliza kama Molasi azae au asizae, nilijua tutakaa na swali hilo mwaka mzima.

Molasi alikuwa mbwa wa kaka yangu Leandre, mpaka moyo ulipomsimama kaka baridi ya mwaka juzi. Ni wa ile mbegu nyekundu ya huku kwetu Yarmouth. Mwindaji hujificha nyasini akirusha kijiti, mbwa hukikimbilia ufukweni kwa mikogo, na bata walioko majini, kwa umbea wao, husogea kutazama kuna nini. Leandre alifunza mbwa kumi na wawili maishani, na alisema hakuna aliyewavuta bata kama huyu. Eudora hawindi, na yeye na Leandre hawakujaliwa watoto. Alichotaka alikisema wazi: Molasi akifa, asibaki peke yake katika nyumba isiyo na chochote cha Leandre kinachopumua.

Mchochezi ni mimi. Nilimwambia kila jike lazima azae walau mara moja, la sivyo ataugua tumbo na akili itamruka. Baba alisema hivyo, na babu kabla yake, wala hakuna mtu kijijini aliyewahi kuuliza wamejuaje. Kisha baada ya misa nikatangaza kwamba Molasi huenda akazaa. Kufikia Jumatatu watu tisa walikuwa wamempigia Eudora simu wakitaka mtoto wa mbwa, nami wa kwanza wao.

Daktari wa mifugo, binti mmoja mpole, aliivunja hekima ya ukoo wetu kwa dakika moja. Alisema jike asipozaa hapungukiwi kitu, ila akizaa anaweza kufa, kwa hiyo mwenye mbwa awe na sababu nzito kuliko hamu za majirani. Eudora akanitazama. Mimi nikaitazama kalenda ukutani.

Hata hivyo hakukata tamaa. Molasi akapigwa picha za nyonga, akapimwa macho, na damu yake ikapelekwa maabara kutafuta magonjwa ya kurithi, maana mbwa hawa wote ni ndugu ukirudi nyuma kidogo. Tulingoja miezi. Majibu yakaja safi yote. Siku hiyo Eudora alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi, nami nikahesabu kwamba mtoto wangu yuko njiani.

Mwenye dume la kumpandisha Molasi alikuwa Moira Gillis, mama mmoja wa Truro asiye na mzaha. Alituma karatasi ya masharti, na Eudora akaisoma mezani mstari kwa mstari mpaka chai ikapoa. Sharti la saba lilisema mtoto yeyote akimshinda aliyemchukua, hata akiwa mbwa mzee, atarudi kwa mwenye mama yake, yaani Eudora, naye atampokea. Chini yake palikuwa na nafasi ya jina la mtu wa pili, ikiwa wa kwanza hayupo tena.

Shemeji akahesabu kwa vidole. Mbwa hawa huishi hata miaka kumi na minne. Yeye ana sabini na miwili.

Akawapigia simu wale waombaji mmoja mmoja, akawauliza wangefanya nini mbwa akiwashinda. Wengi walicheka. Mmoja alisema angemfunga nyuma ya banda, mwingine akasema risasi si ghali. Eudora alifuta majina mpaka yakabaki manne, na jike wa mbegu hii huweza kuzaa wanane.

Ndipo akaniita. Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

"Basile," alisema, "nikiondoka mimi, watarudi kwako. Yeyote atakayerudi, si yule utakayempenda tu. Utaandika jina?"

Nilifikiria magoti yangu, na mashua, na mke wangu ambaye hata yule mmoja niliyemtaka hakuwa amemkubali. Nilifikiria mbwa mzee wa mtu mwingine akikojoa jikoni kwangu.

"Tutaona, shemeji," nikasema.

Kwetu neno hilo halihitaji mkalimani. Mtoto akiomba baiskeli huambiwa tutaona, na haioni kamwe. Ni hapana iliyovalishwa koti la Jumapili. Eudora akaifunika kalamu, akanimiminia chai nyingine. Nikaanza kujitetea: kwani ni wangapi hurudi? Labda mmoja, labda hata huyo hayupo.

"Haya, huyo mmoja," akasema, "atabisha hodi mlango gani?"

Nikanywa chai.

Mwezi Juni Eudora akampeleka Molasi akafungwa kizazi. Niliwapeleka kwa gari langu, maana kwa hilo angalau sikuweza kusema tutaona. Wakati wa kurudi Eudora aliketi nyuma, kichwa cha mbwa kikiwa mapajani, akalia waziwazi njia nzima. Nilijionea aibu mpaka masikio yakapata moto. Mwisho nikamwomba radhi, nikasema laiti ningejua litamuuma hivi ningetia jina langu siku ile ile.

Alipangusa macho kwa kiganja.

"Ndiyo maana nashukuru hukujua," alisema. "Ungesaini kwa kunihurumia, halafu hiyo tutaona yako mbwa wenyewe wangekuja kuisikia, wakiwa mlangoni kwako."