Maziwa Mlangoni

Kila nikipita karibu na kiwanda cha mbao, harufu ya vumbi la mwerezi hunirudisha Elburgon miaka ya hamsini, katika nyumba yetu ya mabanzi, yale masalio ya magogo ambayo baba aliruhusiwa kubeba kutoka kazini. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, na nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa mtoto wa kuchosha. Nilijifundisha kusoma kwa magazeti ambayo mama alibandika ukutani kuzuia upepo, na tangu hapo nikaamini kila kitu duniani kina jibu moja sahihi, na asiyelijua ataaibika.

Msimu huo nilipewa mistari kumi ya mahindi nyuma ya nyumba. Niliipanda kwa kamba, mashimo yote yakiachana hatua ileile. Kesho yake kindi walishuka kutoka kwenye rundo la mabanzi wakafukua mbegu, shimo baada ya shimo, bila kuruka hata moja.

"Si umewapigia laini wasipotee!" kaka yangu Kiprono akanicheka. "Kindi wanasema asante, mwalimu."

Nililia. Mama akakung'uta debe, akanipa mbegu za mwisho. Zikiliwa hizi, alisema, mwaka huu tutakula unga wa kuomba.

Nikapanda tena, kwa kamba ileile. Siku ya tatu nilisikia kindi akipiga kelele, chik-chik-chik, kisha kimya. Juu ya mabanzi, nyoka mnene wa kahawia alikuwa amemzungushia mwili. Nilishindwa hata kukimbia. Gogo, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu mzaa baba, alikuja na fimbo yake, akatazama mpaka ule mkia wa manyoya ukamalizikia kinywani mwa nyoka.

"Huyo mwache," akasema. "Hana sumu. Umepata askari, Chebet, tena hali mahindi."

Na kweli, kindi wakaadimika. Mistari yangu ikachipua, kijani, imenyooka. Nilikuwa naitazama kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Kisha ikanyesha mvua kubwa, na yule nyoka akaingia ndani, akajinyoosha chini ya benchi. Kiprono akarukia panga. Gogo akainua mkono tu. Kwa watu wetu, nyoka anayeingia nyumbani huenda ni mzee wa ukoo amekuja kuwasalimu. Akachukua kibuyu, akamimina maziwa kidogo mlangoni.

"Karibu, mgeni. Kunywa, uende salama. Na nyinyi, kaeni chini."

Tukakaa. Nyoka akapita juu ya maziwa bila kuyaonja, akatoka.

Shida ni kwamba nilikuwa katika darasa la ubatizo, na darasani nyoka alikuwa na jina moja tu. Kwa hiyo tumemnywesha Shetani maziwa, nikawaza, na nikiulizwa nitajibu nini? Hakuna aliyeniuliza. Jumapili nilisimama mwenyewe, mikono nyuma, nikamweleza mwalimu wa dini kila kitu, hata mahali nyoka anapolala.

Alikuja mchana huohuo na wanaume wawili wenye mapanga. Nyoka alikuwa ameshiba, hakujaribu hata kukimbia.

Gogo alitoka nje walipokuwa wameshamaliza. "Nani amewaita?"

"Mjukuu wako, mama," mwalimu akasema kwa furaha. "Ni msichana mkweli sana."

Gogo alinitazama. "Mkweli kabisa," akasema, akarudi ndani.

Nilibatizwa bila kukosea swali hata moja. Wiki hiyohiyo kindi walirudi, wakang'oa miche yangu wapate mbegu iliyobaki chini ya mizizi. Katika mistari kumi, ilipona miwili. Mwaka huo mama alipita kwa majirani na bakuli, na Gogo akasema amechoka na ugali, anapenda viazi. Nilimwamini. Hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku hizi najua nyoka hanywi maziwa. Nadhani Gogo pia alijua. Maziwa yalikuwa yetu sisi, watu wa mapanga na majibu ya haraka, tuwe na kitu cha kutazama huku mgeni akitafuta njia yake.

Mwaka jana nyoka wa namna ile aliingia jikoni kwangu. Wajukuu walikuwa wameshashika rungu. Nilifungua pakiti ya maziwa, nikamimina mlangoni, nikawaambia wakae chini.

"Lakini nyanya," mdogo akanong'ona, "hanywi."

"Najua," nikamwambia. "Wewe kaa."