Fafanua na Mguu wa Shangazi

Ofisini walimwita Fafanua, na jina lilimkaa. Ukimwambia "nipe kile kitu", atakuuliza kipi, kiko wapi, cha nini, mpaka ujute kufungua mdomo. Na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kuandika maelezo. Shirika lao lilituma manesi majumbani kuwahudumia wagonjwa, na ziara zote zilipangwa kwenye mfumo wa kompyuta. Baadaye wakaleta Msaidizi, programu ya akili bandia ya kusoma ujumbe wa manesi na kurekebisha ratiba yenyewe. Sasa, Msaidizi haoni vitufe kama mimi na wewe. Amepewa zana zake, na kila zana ina jina na maelezo mafupi, basi. Yaliyoandikwa hapo ndiyo anayoyajua duniani. Aliyeyaandika ni Fafanua, tena alijivunia sana.

Nyumbani aliishi na shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemnyang'anya shangazi macho, na sasa ulimnyemelea mguu: kidonda kwenye unyayo, cha kuoshwa na kufungwa kila siku. Daktari hakuzunguka. Kikisafishwa kila siku mguu utapona, kikiachwa utakatwa. Nesi wa kukisafisha alitoka shirika hilo hilo la Fafanua.

Jioni moja Fafanua alirudi akamkuta shangazi amekaa kwenye kiti karibu na mlango, kitambaa safi kichwani, mguu juu ya stuli.

"Shikamoo shangazi. Mbona umekaa hapa?"

"Marahaba mwanangu. Namsubiri nesi."

"Saa hizi? Kwani hajaja leo?"

"Wala jana. Wala juzi. Sikutaka kumchongea, huenda ana matatizo kwake."

Fafanua akainamia bendeji. Harufu iliyompokea ilimkata maini. Akanyakua simu, tayari kumpasha nesi mpaka azibe masikio.

"Dada," nesi akasema kwa mshangao, "shangazi si alishatoka kwenye ratiba yangu? Nilidhani kapona! Nilifurahi hata nikamsimulia mume wangu."

Hasira ikakosa pa kwenda. Nesi naye hakungoja kesho. Alikuja vile vile alivyo, na ndala zake za bafuni, akaosha kidonda huku akiomba radhi kwa kosa ambalo wala halikuwa lake.

Asubuhi Fafanua akafungua mfumo. Siku ile ya mwisho aliyokuja, nesi alikuwa ameandika: "Nimemaliza kwa shangazi." Msaidizi alikuwa na zana mbili za kuchagua. Kamilisha Ziara hutia alama ya leo tu, na kesho ziara inarudi kama kawaida. Funga Kazi humwondoa mgonjwa kwenye ratiba moja kwa moja. Msaidizi alikuwa ametumia Funga Kazi. Na maelezo yake yalisemaje? "Itumie kazi ikimalizika." Basi, hayo tu! Yeye Fafanua aliijua tofauti, kwa hiyo aliona yanatosha. Msaidizi angeijulia wapi? Jamani, aliona aibu kweli kweli.

Akaenda kwa mratibu wa ziara pale ofisini. "Usimlaumu nesi, wala usiilaumu programu. Ni maelezo yangu." Wakakaa pamoja wakawatafuta wagonjwa wengine waliofungwa hivyo hivyo, wakawarudisha wote, na kila mmoja akapigiwa simu.

Kisha akampeleka shangazi kwa daktari, naye akasafisha kidonda kwa muda mrefu. Mwisho akavua glavu. "Mguu tunao. Mshukuruni huyo nesi kwa kuja jioni ile ile." Fafanua alishukuru, akashukuru tena, mpaka daktari akamwambia inatosha, kuna watu wanasubiri nje.

Jioni ya siku hiyo Fafanua alikaa jikoni na kompyuta yake, akimtazama shangazi akipika chai kwa kupapasa. Akakumbuka macho ya shangazi yalipoanza kuzima. Yeye alikuwa akimtembeza jikoni humo, hii siki, haya mafuta, hii sabuni ya vyombo. Shangazi akamkatiza: "Majina peke yake hayanisaidii, mwanangu. Niambie kinafanya nini, nisikitumie lini, na nikikosea kitanifanya nini." Na tangu siku hiyo hajawahi kutia sabuni kwenye mchuzi. Ala! Somo zuri namna hiyo, na Fafanua alikuwa analiacha nyumbani kila akienda kazini.

Akaandika upya, kisha akamsomea shangazi: "Funga Kazi. Zana hii humaliza ziara zote zijazo za mgonjwa, na hakuna nesi atakayekwenda kwake tena. Itumie pale tu daktari anaposema mgonjwa asitembelewe tena. Nesi akisema amemaliza ziara ya leo, usitumie hii, tumia Kamilisha Ziara."

"Hapo hata mimi nimeelewa," shangazi akasema. "Na akiwa hana uhakika?"

Fafanua akaguna. Hilo hakuliandika. Akaongeza: "Ukiwa na shaka, muulize nesi kwanza."

Nesi akaendelea kuja kila siku. Kidonda kikapungua, kikakauka, kikaziba. Siku moja alifungua bendeji, akautazama unyayo, akapiga simu kwa daktari, kisha akaandika ujumbe wake kwa maneno yale yale: "Nimemaliza kwa shangazi."

Simu yake ikalia papo hapo. Nesi akasoma kwa sauti ujumbe wa Msaidizi: "Umemaliza ziara ya leo tu, au daktari amesema asitembelewe tena?"

Fafanua akageukia ukuta, machozi hayo.

"Huyo ndiye uliyekuwa unamwandikia jikoni?" shangazi akauliza.

"Ndiye, shangazi. Asante. Asante sana."

"Usinishukuru mimi, mjibuni mwenzenu, msimweke akisubiri. Mwambieni kwamba daktari amesema."

Nesi akajibu. Shangazi akasukuma stuli pembeni, akasimama kwa miguu yake miwili, akamshika nesi mkono na kumsindikiza mpaka nje.